Mafuta Yenye Haikuona Moto

Chupa zilipangwa juu ya meza ya depo, kila moja na karatasi ndogo kwenye shingo: Obokote, Pangi, Kabambare, Kibombo. Inspekta Joséphine Kitenge hakuzigusa. Aliangalia kwanza kufuli ya mulango, kisha dirisha, kisha mikono ya Séraphin, mwenye depo. Séraphin alikuwa anaifuta na kitambaa hata kama haikuwa na uchafu.

"Juu ya nini unafuta mikono?"

"Mazoea, Mama OPJ. Muntu wa mafuta anafutaka mikono hata kanisani."

Watu wote wa Alunguli, ng'ambo ya muto ya Kindu, walimuita Mama OPJ, juu yeye njo polisi wa kuchunguza makosa, hata wale alishafunga. Alivuta kiti, akakaa, akageukia yule kijana mwengine mwenye shati safi.

"Axel, njo wewe uliita polisi. Anza."

Axel alitoka Bukavu. Kiwanda moja ya biskuti ilimutuma kuonja mawese ya Maniema yote na kuchagua fasi moja tu ya kununua mwaka muzima. Kila upande ulileta bidon yake, dumu moja ya plastiki, hapa kwa Séraphin. Axel alichota mafuta ya kila bidon mu chupa, akaonja, akaweka pembeni.

"Obokote iko nyekundu sana na nzito," alisema, kidole juu ya chupa ya kwanza. "Nzuri, lakini njia ni mbali. Pangi nyepesi, maji iko ndani. Kabambare nzuri, lakini barabara yake inakula magari. Kibombo njo nilitaka. Nilienda huko mimi mwenyewe mwezi uliopita, nikaonja mu sufuria ya wamama. Tamu, sina uwongo. Sasa onja kitu walileta. Onja, kisha uniambie kama nilikuita bure."

Joséphine alichukua kijiko. Hakuanza na Kibombo. Alionja Obokote, akangoja. Akaonja Pangi, akaonja Kabambare, kila mara akinywa maji. Kibombo ilikuja ya mwisho. Ilikuwa nzito sawa uji ya asubuhi, rangi yake karibu ya maboga, na ilikwaruza koo mupaka machozi. Axel alimusogezea ndoo ya kutemea mate. Joséphine hakutema. Aliiacha juu ya ulimi, akainusa na mudomo wazi, akameza.

"Unaona?" Axel alisema. "Ile kijana Florentin, mwenye alibeba bidon ya Kibombo, aliuzisha mafuta mazuri njiani, akajaza hii takataka."

"Nimesikia. Florentin anasema nini?"

"Kitu moja tu. Njo hiyo inaniudhi."

Joséphine aliijua ile kitu moja, juu ni yeye alimufungia mu kasho ya polisi jana. *Nilileta vile nilipewa.* Alimuuliza mara mingi, na jibu haikubadirika hata neno. Kesho asubuhi gari ya parke, ofisi ya waendesha mashitaka, ingekuja kuchukua wafungwa wa Alunguli na kuwavusha muto, kwenda mbele ya juji. Muntu akiingia mu ile gari na neno ya wizi mugongoni, hata kama ni haki yake kutoka, anaweza kusahaulika gereza mupaka ndevu ianguke. Kwa hiyo Joséphine alikuwa na ile siku tu.

"Funguo ya depo iko na nani?"

"Na mimi," Séraphin alisema.

"Peke yako?"

"Peke yangu."

"Basi wewe njo wa kwanza."

Séraphin aliacha kufuta mikono. "Nilijua. Watu wa Butembo tukiuzisha, tunaitwa wezi. Tukifilisika, tunaitwa wachawi. Mama OPJ, ile bidon iliingia, nikaiweka pale, haikusogea."

Joséphine alisimama, akapita kati ya bidon za manjano zenye zilijaa depo. Alizipiga na kidole moja moja. Mbavu zake zote zilivimba.

"Bidon zako zote ziko na mimba."

Séraphin alicheka kidogo na pua. "Kila munyabiashara anazimiminia maji ya moto zivimbe. Wanakijiji wenyewe wanajua."

"Wanajua kama wanajaza bidon moja na kidogo, na wewe unahesabu moja. Sikuja juu ya ile. Leo." Alifika kwenye bidon ya Kibombo, yenye ilikaa peke yake karibu na ukuta. Aliinama. Mbavu zake zilikuwa zimenyooka kama siku ilitoka dukani, na mafuta ilijaa mupaka shingoni.

"Hii haijaona maji ya moto," alisema. "Haiko ya depo yako. Kama ungebadirisha bidon, ungekosa hata moja yenye haijavimba ya kuweka hapa."

"Asante, Mama OPJ."

"Usishukuru bado. Bidon hukubadirisha. Mafuta sijui."

Kisha aliona kifuniko. Kifuniko ya plastiki haikuwako. Shingo ya bidon ilizibwa na jani ya mangongo iliyokunjwa vizuri sana, mara nyingi, kama muntu mwenye alizoea. Joséphine alizaliwa upande ya Kibombo kwa mama yake. Kule hawazibi na mangongo. Wanaziba na jani ya ndizi kavu yenye imesokotwa. Mangongo njo kazi ya watu wa musitu ya Lubutu.

"Obokote iko upande gani ya musitu?" aliuliza, kama muntu mwenye anajiuliza mwenyewe.

Séraphin na Axel waliangaliana.

"Lubutu," Axel alisema. "Mwenye alileta bidon ya Obokote iko hapa nyuma. Jules. Anangoja nichague."

"Mumuite."

Jules aliingia na mafuta ya velo kwenye vidole, suruali imekunjwa mupaka magoti. Alikuwa anatengeneza cheni ya baiskeli yake. Alisukuma bidon ya Obokote kwa velo, siku nyingi, mu matope, na magoti yake yalionekana kama yalisaidia kutafuta njia.

"Wewe njo uliziba bidon ya Kibombo," Joséphine alisema.

"Nani amesema?"

"Jani."

Jules aliangalia bidon, akaangalia jani, akajikuna shingo. "Jani inasema mingi."

"Kibombo wakianguka, Obokote wanapanda. Ulifungua bidon ya mwenzako, ukaziba tena na mukono ya kwenu. Sasa niambie uliweka nini ndani."

"Sikuweka kitu. Njo nilisaidia."

"Saidia na mimi pia. Sema."

"Nilivuka muto kununua mupira ya velo kule mujini. Kurudi, tukapanda mutumbwi moja na ule Florentin. Mutumbwi ikayumba, kifuniko yake ikaruka mu maji, ikaenda zake Kisangani. Akabaki anaziba bidon na kiganja, sawa muntu mwenye anafunga mutoto mudomo. Mimi niko na mangongo mu mufuko, siku zote. Nikakunja, nikamuzibia. Wewe ungeacha?"

"Jana ulikuwa hapa wakati tulimukamata. Juu ya nini hukusema?"

"Jana nani aliniuliza? Halafu, Mama OPJ, ukisema uligusa bidon ya muntu yenye imeoza, munalala wote kasho moja. Mimi ninakoroma. Angeteseka mara mbili."

Séraphin alicheka. Joséphine hakucheka.

"Unataka Obokote ichaguliwe."

"Wakubwa wangu wanataka. Mimi, huyu bwana akichagua Obokote, nitasukuma ile njia kila mwezi. Akichagua Kibombo, nitapumuzisha magoti. Unifunge juu ya kuomba Kibombo ishinde."

"Wakati uliziba, vidole vyako vililowa?"

"Vililowa."

"Ulifanya nini navyo?"

Jules alimuangalia kama alimuuliza kama samaki anajua maji. "Nililamba. Nani anafutaka mawese na suruali?"

"Ilikuwa namna gani?"

"Tamu. Ya moshi moshi, vile mama mukwe anapendaka. Nilimuambia Florentin: ndugu, mumetushinda. Akacheka, lakini kicheko yake ilikuwa fupi."

Joséphine alianza kuhesabu mu kichwa. Kama mafuta ilikuwa tamu katikati ya muto, basi wizi wa njiani haukuwako. Kutoka beach, fasi mitumbwi inafikia, mupaka depo ni hatua za kutembea tu. Kisha depo, na kufuli moja, na funguo moja. Séraphin aliiona hesabu ile ikija, akashika kitambaa yake tena.

"Mama OPJ, ninaapa."

"Usiape, unachafua mahali." Alimugeukia Axel. "Chupa ya Kibombo ilichotwa na nani?"

"Mimi."

"Séraphin alikuwako?"

"Alikuwa anasimama pale. Hakugusa."

"Onesha namna ulichota."

Axel hakupenda ile swali, lakini alifungua mufuko yake na kutoa mupira mwembamba, mweupe, murefu kama mukono. Aliondoa jani, akashukisha ule mupira mu bidon polepole mupaka ukagonga chini. Akaziba tundu ya juu na kidole gumba, akauvuta. Kitu ilikuwa ndani ilikuwa nzito, rangi ya maboga.

"Kila mara unachota chini?"

"Kila mara. Wauzishaji wote wanajua. Maji inakaa chini, matope inakaa chini. Juu wanaweka uzuri ya kudanganya wageni. Juu njo fasi ya uwongo."

"Ulionja juu?"

"Ya nini?"

"Séraphin, leta beseni. Kubwa, na safi."

Beseni ilikuja. Jules aliinua bidon, akaiinamisha, na mafuta ikaanza kumwangika. Ilikuwa nyekundu, laini, inaangaza, na harufu yake ilijaza depo: moshi ya kuni, ngazi, matunda ya mawese, zilizoiva vizuri. Axel aliingiza kijiko bila kuambiwa. Alionja. Akaonja tena.

"Hii njo nilionja kule," alisema kisha.

"Endelea kumwanga," Joséphine alimuambia Jules.

Bidon ilikuwa karibu kuisha wakati mafuta ilisimama. Jules aliitikisa. Kitu kama uji ikateleza mu shingo, ikaanguka mu beseni, pap, na haikujichanganya. Ilizama na kukaa pale, kipande ya maboga ndani ya nyekundu.

Axel alipiga meza na kiganja. "Si nilisema? Ubaya chini, uzuri juu. Huyu kijana ni mwizi, na bado anajua kazi yake. Andika, Mama OPJ."

"Ni ngapi ile ya chini?"

"Hata kama ni kidogo."

"Ninakuuliza ngapi."

Axel aliangalia. "Kibuyu moja. Labda moja na nusu."

"Wewe umesema wauzishaji wote wanajua mupira yako inagonga chini. Mwizi gani anaweka ubaya kwenye fasi yenye unaangaliaka, na uzuri kwenye fasi hautaki hata kuonja? Tena muntu anaiba bidon muzima, anaacha bidon muzima tamu, anatia kibuyu moja ya mbovu. Aliuzisha nini? Faida iko wapi?"

Axel aliweka kijiko chini.

"Ile ya chini," Jules alisema, "haikuja yenyewe."

"Hapana. Muntu aliiweka. Na aliiweka ya kwanza, mbele ya kila kitu, bidon ikiwa tupu, juu bidon yenye imejaa mupaka shingoni haina fasi ya kibuyu ingine. Haikuwekwa depo, haikuwekwa mutumbwini. Iliwekwa Kibombo." Joséphine alichota ile kipande na kijiko, akaitia mu kopo ya nyanya yenye Séraphin alimupa. "Axel, kuja kwa ofisi yangu kisha ya saa sita. Mbele ya ile, usichague. Séraphin, usimwange ile beseni. Na usiuzishe."

"Mimi?"

"Wewe."

* * *

Jeannette alikuwa ameketi kwenye benchi ya ofisi ya polisi, sufuria ya wali na sombe juu ya magoti, imefungwa na kitambaa. Alikuwa mukubwa wa shirika ya wamama wenye kutengeneza mawese Kibombo, na alikuwa yaya wa Florentin, dada yake mukubwa. Alifika asubuhi na pikipiki, njia yote bila kusimama. Polisi wa mulango alimukatalia kuingiza chakula juu Mama OPJ hakuwako.

Joséphine alimuingiza ndani, akafunga mulango. Hakumupa pole. Aliweka kopo juu ya meza na kijiko kando.

"Onja."

Jeannette aliangalia kopo, hakuangalia zaidi. "Hii haiko mafuta yetu."

"Hujaonja."

"Ninaona rangi."

"Onja."

Jeannette aliweka sufuria chini. Alichota kidogo sana, na kidole, akaweka mudomoni. Joséphine aliangalia koo yake. Haikukohoa. Joséphine mwenyewe, kule depo, ilimutoa machozi. Jeannette alimeza kama muntu mwenye anakunywa maji ya nyumbani kwake.

"Haiko yetu," alirudilia.

"Koo yako inaijua."

"Koo iko ya kila muntu."

Joséphine alivuta kiti karibu. "Nitakuambia kitu. Wakati ya vita, mimi nilikuwa hapa. Kindu ilizungukwa, njia zote zilifungwa, tulikula majani yenye mbuzi ilikataa. Siku zingine mafuta ilitoka musituni, mu mutumbwi, wanaificha chini ya mihogo. Ilikuwa nzito, ilikwaruza, na haikuwa na harufu ya moshi hata kidogo. Mama yangu alisema: hii mafuta haikuona moto. Wale wa musituni wanaogopa kuwasha. Wanazika ngazi mu shimo, inaoza, wanakanyaga na miguu. Mimi nilikuwa musichana, lakini ulimi hausahau. Leo nimeonja mafuta ya Maniema yote kwenye meza moja. Yote iko na moshi. Hii tu haina. Vita iliisha zamani, Jeannette. Kibombo nani bado anatengeneza mafuta bila moto?"

"Hakuna. Tuko na mashine ya kukamua, tuko na mapipa. Huyu wa Bukavu alikuja, aliona."

"Aliona kwako."

"Aliona kwa wote."

"Wote?"

Jeannette alishika kitambaa ya sufuria, akaifunga tena, hata kama ilikuwa imefungwa.

"Kesho asubuhi gari ya parke inakuja," Joséphine alisema. "Florentin ataingia ndani kama mwizi. Nitaandika kama bidon ilikuwa na ubaya chini, na yeye njo alikuwa nayo njia yote, na hataki kusema. Juji ataangalia tu ile. Mimi ninajua hakuiba. Lakini kujua kwangu haiko kitu kama hakuna mwenye anasema nani alimwanga. Na ninafikiri Florentin anajua. Na wewe unajua kisha ya kuonja."

Inje, polisi wa mulango alikuwa anabishana na muuza mikate. Jeannette alingoja mupaka wakanyamaza.

"Ni mama," alisema.

"Mama Mwanvua?"

"Unamujua?"

"Jina tu. Endelea."

"Kwetu bidon haitokaka kijijini tumbo tupu. Mwanamuke mwenye kupita wote na miaka anamwanga kibuyu ya kwanza, ya mafuta yake mwenyewe. Sisi tunajaza kisha. Tunaita kufungua tumbo. Bila ile, hakuna mwenye atabeba. Hata ule wa velo atakataa."

"Na mama yako njo mwenye kupita wote."

"Tangu mwaka jana. Mbele ilikuwa bibi moja, alikuwa anatokosha ngazi mu moto kama sisi. Alikufa. Zamu ikafika kwa mama." Alifuta kidole yake kwenye kitambaa. "Nilimuambia: mama, hii ni ya wageni, chukua mafuta mu pipa yangu, umwange hiyo. Akaitika. Akasema ndiyo, mutoto wangu, vizuri."

"Ulimuona anamwanga?"

"Nilikuwa ninatafuta kamba. Florentin njo alimushikia bidon."

"Juu ya nini hawashi moto?"

Jeannette alisema haraka, bila kubadirisha sauti, kama muntu anatoa majina ya watu wa nyumba.

"Tulikuwa tumekimbilia musituni. Hatukuwa na chumvi, hatukuwa na kitu. Mama akasema atatokosha ngazi, apeleke mafuta kubadirisha na chumvi. Baba akamuambia ungoje mvua, moshi itakaa chini. Mama hakungoja, tulikuwa tunalia njaa. Moshi ikapanda juu ya miti, imesimama, sawa nguzo. Askari wakafuata moshi."

"Askari gani?"

"Wenye njaa. Wakakula, wakabeba mafuta, wakakamata baba awabebee mizigo. Hakurudi. Florentin alikuwa mu mugongo ya mama, hakumujua baba hata sura. Kutoka ile siku, mama anapika wali na moto, anapika sombe, anachemusha maji ya kuoga. Lakini ngazi, hapana. Anazika. Hakuna mwenye anamucheka, kila muntu Kibombo anajua. Tunachukua mafuta yake, tunasema asante mama, tunatengeneza nayo sabuni. Yeye anafikiri tunakula."

Joséphine alifungua mulango na kumuambia polisi alete mufungwa.

Florentin aliingia bila mukaba, anashika suruali na mukono moja. Aliona yaya wake, akaona kopo. Akasimama.

"Nilileta vile nilipewa," alisema.

"Najua. Ulipewa na nani?"

Florentin alivuta suruali juu.

"Ulimushikia bidon," Joséphine alisema. "Uliona ni kibuyu gani. Uliweza kusema: mama, hapana. Uliweza kuimwanga njiani. Juu ya nini hukufanya?"

Florentin aliangalia Jeannette. "Yaya, umesema."

"Kwa huyu tu."

"Mama alikuwa amevaa kitambaa yake ya kanisa," Florentin alisema, na sauti yake ilikuwa ya muntu mwenye hajatumia sauti siku muzima. "Aliniambia: ya wageni njo inafaa itoke kwangu, siwezi kuwafungulia tumbo na mafuta ya mutoto. Ningemuambia nini? Nilifikiri hawataona. Ni kibuyu moja."

Axel aligonga na kuingia pamoja, vile wanafanyaka watu wenye haraka. Joséphine alimuonesha kiti. Alimuambia mambo ya bidon inamwangiwa kibuyu ya kwanza kama heshima, mafuta yenye haikuona moto, hakuna wizi. Jina ya mama hakutaja.

Axel alisikiliza, akafuta paji ya uso. "Basi ninaondoa mashitaka ya wizi. Na nitasema ukweli: ile ya juu inashinda zote. Obokote, Kabambare, hata moja haifiki. Nitanunua Kibombo." Jeannette alifunga macho. "Lakini kiwanda iko na sheria. Bidon ikiwa na mbovu ndani, ninapeleka jina ya mwenye aliiweka. Ile jina inasomwa mbele ya shirika yote, na ule muntu hataleta tena hata chupa. Bila jina, ninabakia na mashitaka yangu, mwenye alibeba njo atajibu. Siwezi kuandika *heshima*. Ni nani?"

"Ni mimi," Florentin alisema. "Andika niliiba. Niliuzisha, nikajaza. Andika."

"Ukisema hivyo," Joséphine alisema, "gari ya kesho."

"Iko sawa."

"Haiko sawa. Hukuiba, na wote hapa ndani wanajua."

"Basi sina jina ingine." Alikaa chini kwenye simenti, suruali mukononi, kama muntu mwenye alishafika.

Axel aliangalia saa yake. Joséphine alivuta karatasi ya PV, ya kuandikia ushuhuda, akaweka tarehe, akaweka kalamu kwenye fasi ya jina. Aliinua macho kwa Jeannette. Jeannette alikuwa anaangalia ndugu yake pale chini.

"Mimi," Jeannette alisema.

Florentin aliinua kichwa. "Yaya."

"Nyamaza. Mimi njo nilimwanga."

Joséphine hakuandika bado. "Mafuta ya kopo hii ilitengenezwa na wewe?"

"Mimi."

"Bila moto."

"Bila moto."

"Ngazi ulizika wapi?"

"Shimo iko nyuma ya nyumba. Pembeni ya migomba. Nimeifunika na majani. Ukituma muntu, ataikuta."

"Ulimwanga ngapi?"

"Kibuyu moja. Kisha tukajaza na mafuta ya shirika."

Axel alimuangalia muda murefu. Haikuonekana kama aliamini. Haikuonekana pia kama alitaka kupanda pikipiki mupaka Kibombo kuangalia shimo.

"Lakini wewe njo mukubwa wa shirika," alisema.

"Nilikuwa."

Kalamu ikaanza kutembea. Joséphine aliandika jina ya Jeannette muzima, na ya baba yake, na fasi alizaliwa. Alisoma yote kwa sauti, polepole. Jeannette alitia sahihi. Axel alitia sahihi. Polisi wa mulango alimurudishia Florentin mukaba yake na viatu, na Florentin alivaa akisimama, bila kuangalia muntu.

Walitoka. Joséphine alibaki kwenye meza, dirisha wazi mbele yake. Wale wawili walisimama inje kwenye kivuli ya ukuta, Jeannette anafungua sufuria, anamupa ndugu yake kijiko.

"Umesema uwongo mbele ya polisi," Florentin alisema.

"Kula. Polisi alikuwa anaandika. Hakuwa anasikiliza."

Joséphine alisimama, akafunga dirisha.